Mhanga Ataka Mpangaji Mwenye Kazi

Sikilizeni, na anayebisha akapime mwenyewe: Mhanga, yule mnyama mla mchwa, alichimba mashimo marefu mpaka mengine yakatokea upande wa pili wa dunia. Akayapangisha kwa Ngiri, Sungura na wengine, kodi ikiwa ni mchwa.

Mama Nguchiro, mjane, akaja na watoto wake na kikapu kimejaa.

"Mchwa hawa umewatoa wapi?" Mhanga akauliza.

"Ni msaada wa wajane, kutoka kwa Simba."

"Sitaki kodi ya kupewa. Nataka mpangaji mwenye kazi."

"Baba Mhanga, sheria ya Simba si imekataza kutubagua wajane hivyo? Mchwa ni mchwa."

"Basi kalale humo kwenye sheria yako!"

Akaja Chatu, mpole, sauti nyembamba. "Mimi sijawahi kuomba," akasema. "Nakula kwa kazi yangu." Mhanga akampa shimo la katikati.

Mvua hazijaisha, mashimo yakawa kimya. Mhanga akaingia kwa Ngiri, akaita. Ikamrudia sauti yake mwenyewe. Kwa Sungura, matandiko yalikuwa bado na joto. Akaingia shimo la katikati.

"Chatu! Wapangaji wangu wako wapi?"

"Nilikuwa kazini, mwenye nyumba," sauti ikajibu gizani, nyuma yake. "Umebaki wewe tu."