Mluzi wa Chesang

Tangu asubuhi Tapsubei alikuwa ameng'ang'ania lango la shule ya bweni, akikanyaga hapa, akikanyaga pale, asitulie.

"Chesang hatuna, mama," matroni alimwambia kwa mara ya tatu. "Watoto wa msituni wakifika hapa hupewa majina mengine. Jina lake jipya unalijua?"

Angelijulia wapi? Lori la shule lilimchukua bintiye mwaka juzi, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kengele ikalia. Watoto mia tatu wakamiminika uwanjani kupanga foleni ya uji, wote vipara, wote sare ya kaki, kila mmoja na bakuli lake. Tapsubei akawapekua kwa macho, uso kwa uso, mpaka machozi yakamziba. Mwana wa kumzaa mwenyewe, na hamtambui!

Basi akatia vidole mdomoni. Kwao kila mtoto hutungiwa mluzi wake siku anayozaliwa, asije akapotea msituni wazazi wakienda kurina asali; akiusikia, naye huuitikia kwa mluzi uo huo. Akaupiga wa Chesang, mrefu, kisha miwili mifupi ya haraka.

"Wewe mama, acha!" matroni alifoka. "Hapa mluzi ni viboko!"

Hakuna aliyegeuka. Tapsubei akapiga tena, pumzi zikimwishia.

Nyuma kabisa ya foleni, msichana mmoja alikuwa ameinama, midomo ameichongoa kama mtu anayepuliza uji upoe. Bakuli lake lilikuwa bado tupu.