Jiwe la Mpita Njia

Binti alikuwa anapiga mluzi, na Damas hakuupenda mluzi ule.

Ulikuwa mluzi wa warina asali, wa kumwita yule ndege anayeonyesha nyuki walipo. Ulianza juu, ukashuka, ukakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Mara ya mwisho Damas kuusikia ilikuwa katika msitu huuhuu wa Ipole, na aliyeupiga hakurudi mjini.

"Nani kakufundisha huo?"

"Nyumbani, mzee," Agnetha akajibu bila kugeuka. "Kwetu tunarina."

Agnetha alikuwa akisomea utalii kwa njia ya masafa. Chuo kiko Arusha, mwalimu wake hajapata kumwona uso. Masomo huingia kwenye simu, na mtandao ukikataa yeye hupanda kichuguu. Sasa ilibaki kazi ya vitendo: kumtembeza mgeni katika njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani. Alifika hadi dukani kwa Damas, Isevya, akapiga goti, akaamkia, akasema mbele ya wateja, "Nasikia mzee uliwahi kufanya biashara ya asali kule. Uwe mgeni wangu."

Kukataa nako ni kusema. Damas akakubali, ila kwa shauri lake mwenyewe. Chini kabisa mkobani, ndani ya kiroba, alitia panga. Binti akipita pale penye mninga bila kusimama, yeye atarudi Isevya akale wali wake. Akisimama na kuanza kuchokonoa, basi, msitu ni mkubwa. Ulishammeza Raymundi, mshirika wake, na watu wakaamini kakimbilia Zambia na hela za asali. Usingeshindwa na binti.

Kilichomtibulia hesabu ni yule wa tatu. Emilian, mwanafunzi mwenzake Agnetha eti, alikuja nyuma akirekodi safari kwa simu. Mtu wa makamo, kipara, viatu vyeusi vizito.

"Na wewe unasoma? Umri huo?"

"Elimu haina mwisho, mzee."

"Ina mwisho, bwana. Mwisho wake ni meno kung'oka. Utalii wa kwenye simu! Kesho mtasomea kuzaa kwenye simu."

Emilian akacheka. Simu hakuizima. Damas akasimama kando kufunga kamba za viatu, ili ampishe atangulie. Emilian naye akasimama, akamngoja.

Wakaendelea hivyo, mluzi mbele, viatu nyuma, hadi Damas alipouona ule mninga wenye panda, na mzinga wa zamani uliovunjika ukiwa bado unaning'inia. Akaomba kimoyomoyo: pita, mwanangu, pita tu.

Agnetha akasimama.

Mkono wa Damas ukaingia mkobani. Kisha akatazama vizuri, akashangaa. Yeye aliacha rundo moja tu la mawe, alilolipanga kwa haraka ili fisi wasifukue. Sasa palikuwa na marundo huku na huku, kushoto na kulia, mpaka ng'ambo ya njia.

Akakumbuka: siku ile ilikuwa masika, nyasi zilimfika kifuani. Angeyaonaje? Mkono ukatoka mkobani. Kumbe Raymundi alilala siku zote katikati ya watu wa kale, na nani atafukua kaburi la mpagazi? Karibu acheke. Mawe mengine yalikuwa na udongo mwekundu mbichi. Mhanga kafukua hapo, akajisemea, au nguruwe.

"Hapa walianguka wapagazi," Agnetha akasema kwa sauti ya mtu anayekariri. "Aliyeishiwa nguvu alizikwa kando ya njia, na kila mpita njia alimtupia jiwe. Ndiyo ilikuwa salamu. Na somo linasema mgeni asisikilize tu, atende. Karibu, mzee. Usimbague mtu."

Damas akautua mkoba, akaokota mawe.

"Pokea, babu," akalitupia la kwanza. "Mzigo umeshautua." Kwenye jingine akasema, "Na wewe, ulibeba nini? Nguo za mke wa bosi?" Emilian akacheka tena. Damas akazidi kuchangamka, rundo kwa rundo, mpaka akafika chini ya mninga.

Bibi yake alimwambia zamani: mkono uliomwaga damu ukimtupia jiwe yule uliyemuua, marehemu hulidaka, na mkono akaudaka. Damas hakuamini mambo ya bibi. Alikuwa mzee wa kanisa. Lakini jiwe lilikuwa zito kiganjani, na kiganja kilikuwa kimelowa.

Akakohoa. Akalizunguka rundo lile kwa mbali, kama mtu anayekwepa siafu, akalitupa jiwe kwenye rundo la ng'ambo.

"Tayari. Twende, jua linatuacha."

"Umemruka mmoja, mzee."

"Nimechoka, binti. Wafu hawaoneani wivu."

Akageuka kuchukua mkoba. Haukuwa chini. Ulikuwa begani kwa Emilian.

"Nikusaidie mzigo, mzee," Emilian akasema. Safari hii hakucheka.

Agnetha akaokota jiwe dogo. Akapiga goti chini ya mninga, kama alivyopiga goti kule dukani, akaliweka juu ya rundo taratibu.

"Shikamoo, baba," akaliambia rundo. Kisha akainua uso.

"Marundo haya mengine yote, Mzee Damas, tumeyapanga juzi, mimi na afande."