Nyasi za Februari

Nilikuwa nimeshashika kamba ya kuwasha mashine ya kukata nyasi mke wangu, Magdalene, alipokuja kusimama mbele yangu. Jumamosi wakwe wangefika kwa ruracio, kuleta mahari ya binti yetu, na nyasi zilikuwa zimefika kwenye vifundo vya miguu.

“Mzee, ukizikata chini kiangazi hiki, wakwe watakaa kwa vumbi.”

“Na wakisema tunafuga nyoka?”

Hakucheka. Alinishika mkono, akaupenyeza katikati ya nyasi hadi kwenye udongo. Mvua haikuwa imenyesha tangu Desemba, lakini udongo ulikuwa baridi, una unyevu. Kwa jirani, aliyekata zake chini kabisa wakati wa Krismasi, palibaki vumbi jekundu.

Niliisukuma mashine hadi stoo.

“Sasa viti tuweke wapi?”

“Hapo hapo kwa nyasi. Na wavue viatu.”