Gurudumu la Nne la Obadiah Kellum

Leland Voss alipigilia kabari ya mwisho ya gurudumu jipya, akarudi nyuma hatua mbili, akaliona gari la Obadiah Kellum limekaa sawasawa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1871. Akajipongeza kimoyomoyo. Safari hii watu wa mji hawatakuwa na la kusema.

Katika mji wa Kellum, Nebraska, hakuna msimu wa michezo shuleni unaofunguliwa kabla gari la mwanzilishi halijazungushwa uwanjani. Vuli huzungushwa kwa ajili ya mpira wa Kimarekani, baridi kwa mpira wa kikapu, masika kwa riadha. Ni gari la mbao lenye turubai, lile lile lililokuwa linampeleka Mzee Obadiah na familia kumi na moja Oregon, mbali huko magharibi, mpaka gurudumu la nyuma likavunjikia hapo. Kwa kuwa halikutengenezwa, ile kona hubebwa mabegani na vijana wa timu. Mwaka juzi mmoja alipinda shingo. Mwaka jana Cody Stuhr, mrusha mpira wao hodari, aliteguka bega dakika tano kabla ya mechi, wakafungwa hamsini na nne kwa sifuri. Mji ulisikitika sana, kisha ukaendelea kubeba.

"Kwa nini lisitengenezwe?" Leland aliwahi kuuliza, mwaka wake wa kwanza tangu ahamie kutoka jiji la Omaha.

Kocha Pruitt aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Aa, litatengenezwa tu. Hakuna haraka. Wewe mtu wa Omaha usijisumbue."

Mtu wa Omaha! Miaka kumi na tisa Leland anafundisha useremala pale shuleni, ametengeneza nusu ya madawati, amezika mbwa wawili katika ardhi ya Kellum, na bado ni mtu wa Omaha. Lilimkaa rohoni kama mwiba. Hakutaka makubwa, alitaka siku moja tu aitwe mtu wa hapa.

Wala si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walikuwa wapole kupita kiasi, watu ambao pikapu zao zikizama kwenye theluji hukupungia mkono na kusema wako salama tu, wanapumzika. Hawaombi msaada hata wakikatwa kichwa. Halafu walikuwa na uzembe wao wa nyumbani: maboksi yamerundikwa ukumbini bila kufunguliwa, picha zimeegemezwa ukutani kwa kuwa hakuna anayepiga msumari. Bi Verna Stuhr, bibi yake Cody, alikuwa meya wa muda, kama baba yake na babu yake. Leland alipopanda mtufaa mbele ya nyumba yake, majirani walikuja kuukodolea macho.

"Mti huo utazaa lini?" Bi Verna aliuliza.

"Miaka sita hivi."

"Heh! Una moyo, wewe."

Ijumaa ya kufungua msimu, saa tisa alasiri, Leland aliliburuta gari hadi uwanjani peke yake. Timu ya Dunmore ilikuwa inapasha misuli. Watu wa Kellum mia nne na kumi walikuwa jukwaani na soseji zao mkononi, na wote wakainuka kwa mpigo.

Bi Verna alishuka ngazi polepole. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Mwaloni mtupu huo."

"Linazunguka?"

"Sukuma uone."

Akalisukuma kwa kiganja kimoja. Likaenda. Bi kizee akaanza kulia, na Leland akajilaumu. Amegusa kitu kisichoguswa. Ameharibu kila kitu.

"Samahani, mama. Naweza kulivunja tena, ni dakika tano tu."

"Thubutu!" akasema Bi Verna, akamkumbatia mbele ya watu wote.

Kocha Pruitt akavua kofia. "Mwalimu Voss," akasema, akampa mkono. Mwalimu Voss! Leland akaketishwa safu ya mbele kabisa, akapewa blanketi na soseji mbili, naye alikuwa na furaha hata hakuzionja.

Mechi ikaanza. Mabega yakiwa mazima, vijana wa Kellum walicheza kama wamechelewa mahali. Kufika mapumziko walikuwa wanaongoza ishirini na nane kwa sifuri. Leland alishangilia mpaka sauti ikakauka. Aliona jukwaa linapungua, akadhani watu wamekwenda kununua kahawa. Robo ya tatu ilipoanza, aligeuka kumpa jirani kipande cha blanketi, akakuta benchi zote tupu.

Ndipo aliposikia injini. Pikapu zilikuwa zimejipanga barabarani, maboksi yamefungwa kamba juu, basi la shule nyuma yake, na nyumba ya Bi Verna nzima juu ya lori. Mbele kabisa walifungwa farasi wawili kwenye gari la Obadiah. Wachezaji walitoka uwanjani mbio wakiwa na helmeti zao, wakapanda basi.

Bi Verna aliteremsha kioo cha lori hilo. "Asante, mwanangu. Mzee Obadiah alisema ni kulala usiku mmoja tu, tukishapata gurudumu tunaondoka. Miaka kumi na tisa tunaona haya kukusumbua." Akautazama mtufaa kwa mbali. "Haya, baki salama na mji wako."

Msafara ukashika njia ya magharibi, vumbi likatulia. Uwanjani, refa akapuliza filimbi na kuuliza wenyeji wako wapi.

Leland aliangalia huku na huku, kisha akanyoosha mkono juu.