Kambare wa Nyamizi

Bwawa la Nyamizi lilikuwa limekauka mpaka likapasuka, na shemeji yake, Lugendo, alikuja na chepe kulifukia.

“Shemeji, kambare wako wamekwisha kufa,” alisema.

“Kambare hafi upesi hivyo. Hujichimbia topeni, akavuta hewa kama sisi.”

“Miezi mitatu?”

Nyamizi alileta ndoo ya mwisho, maji ya kupikia, akayamimina taratibu kwenye ufa mkubwa. Ufa ukayanywa yote. Lugendo akainua chepe.

Ndipo tope lilipojinyanyua, kama mtoto anayejigeuza tumboni, na masharubu mawili yakachomoza.

Lugendo aliweka chepe chini, akaokota ndoo tupu.

“Kisima cha msikiti bado kina maji,” alisema, akaondoka mbio.

Nyamizi alibaki amepiga magoti, akiyakinga jua yale masharubu kwa khanga yake.