Hatua Elfu Kumi za Mbuni

Mbuni aliapa kutembea hatua elfu kumi kila asubuhi ili awe na afya, akawa anazunguka kichuguu akihesabu.

Jirani yake Nungunungu, aliyeshikwa na homa, akamwita: "Shoga, nichotee maji mtoni."

"Nikisimama, hesabu itanipotea!"

Siku ya tatu mwiba ulimchoma Mbuni mguuni, akaanguka. Nungunungu akaja akijikokota, akampa maji yaliyobaki kibuyuni.

"Umefikaje na homa hiyo?"

"Nami nimehesabu, shoga. Kutoka kwangu hadi kwako ni hatua arobaini tu."

Mguu ulipopona, Mbuni alibeba kibuyu kwenda mtoni, akarudi kwa Nungunungu, kesho yake akaenda tena. Ile njia ya kuzunguka kichuguu sasa imeota nyasi.