Tangazo la Nyamizi na Machibya

"Lugendo, zima hiyo mashine kabla—"

"Nikizima sasa hivi, Bi Skola, sitajua kosa liko—"

"Kosa ni wewe," msajili wa ndoa alimkatiza.

Lugendo akakaza macho kwenye kompyuta. Programu iliyokuwa ikiiendesha printa aliiandika mwenyewe, mistari tisa tu, ichukue majina ya wachumba kwenye orodha na kutoa tangazo moja la ndoa la kubandika ukutani. Sasa printa ilishatoa mia mbili na ushee, yote ya Nyamizi na Machibya, na wenyewe wamesimama hapo hapo kaunta.

"Unaona, mama watoto?" Machibya alicheka, akiokota karatasi sakafuni. "Hata mashine imetukubali."

Nyamizi hakucheka. Alikuwa anasoma karatasi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta neno alilolikosa kwenye ya kwanza.

Ndipo Lugendo akaliona kosa, akajishika kichwa. Programu ilikuwa inasoma orodha na kuandika matangazo kwenye orodha hiyo hiyo, kwa hiyo kila ikimaliza inakuta kazi mpya. Akaisimamisha. Printa ikakohoa, ikatulia. Machibya alikuwa bado ameinama, mzigo wa karatasi kifuani.

Nyamizi akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, ule unaosema mwenye pingamizi afike ofisini ndani ya siku ishirini na moja.

"Kaka," alimwambia Lugendo taratibu, "naomba fomu ya pingamizi."